Daraja la Mama Fundi Haling'olewi

Mama Fundi alikuwa na meno matatu ya juu, mbele kabisa, yaliyoungana yakawa kitu kimoja, na ole wake aliyethubutu kuyaita meno ya bandia. "Hili ni daraja," angekwambia, ameshika mkanda wa kupimia kama anataka kukuchapa nao. "Ya bandia yanavuliwa. Mimi nimejengewa."

Na kweli alijengewa. Aliteleza siku moja kwenye sakafu iliyolowa, akajigonga mdomo kwenye ukingo wa meza ya cherehani, jino moja la mbele likatoka zima. Daktari wa meno, mwanamke mpole wa sauti lakini asiyecheka ovyo, aliyachonga meno mawili ya jirani, moja la kulia na moja la kushoto, akayafanya nguzo, akayavika kofia, na katikati akaliweka jino jipya. Kisha yakaja masharti. Daraja la meno, alisema, wengi hukaa nalo miaka kumi, wengine ishirini, na wapo ambao hata mitano hawafikishi. Lenyewe halitoboki, kinachokufa ni nguzo. Chakula hujificha chini ya lile jino la katikati, mahali mswaki haufiki, kwa hiyo kila siku apitishe uzi wa meno chini yake, upande hadi upande. Na asikate kitu kigumu kwa meno hayo.

"Kitu kigumu kama nini?"

"Mifupa. Vifuniko vya chupa. Vitu kama hivyo."

Uzi wa kushonea haukutajwa, na Mama Fundi hakuuliza, maana jibu alilijua na hakulitaka. Fundi gani hakati uzi kwa meno? Tangu ajifunze kazi, mkono mmoja ulishika nguo, wa pili ukazungusha gurudumu, mdomo ukamaliza. Mkasi ulikuwa wa kukatia kitambaa. Kuunyanyua mkasi mzima kwa ajili ya kauzi kamoja ilikuwa dalili ya mtu aliyeanza kushona jana.

Lakini kwenye usafi, hapo usimguse. Akimaliza kula tu, awe wapi, anatoa ule uzi wake wenye ncha ngumu, anauchomeka chini ya daraja, anausugua mbele ya watu bila hata kujifunika mkono. Wakwe wa binti yake walipokuja kula chakula cha mchana, binti alimkanyaga mguu chini ya meza. Mama Fundi hakupepesa macho.

"Nikifagia uwanja mnanisifu," akasema, uzi ukining'inia mdomoni. "Nikifagia kinywa mnaona haya. Nyie vipi?"

Baba mkwe alicheka hadi akapaliwa na maji.

Mdogo wake ndiye hakumwelewa kabisa. Yeye meno yake yalikuwa ya kuvua, na usiku yalilala kwenye kikombe. "Dada, unajitesa bure. Mimi navua, naosha, naweka, basi. Umri huu unamringishia nani?"

"Najiringishia mwenyewe," alijibu Mama Fundi. "Sitaki kinywa cha kuacha mezani."

Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake. Aliwahi kumwona mdogo wake akiitwa mlangoni na mgeni wa ghafla, akajibu kwa kuinamisha uso, kiganja mdomoni, mpaka akimbilie kikombe. Mama Fundi aliapa siku ile kwamba yeye hatajifichia mtu yeyote nyumbani kwake.

Basi miaka ikaenda, kumi ikapita, daraja likasimama. Hadi alipoletewa begi la kubadilishwa zipu. Uzi wa begi si uzi wa gauni, ni mnene na umepakwa nta. Mama Fundi akauuma, ukakataa. Akauuma tena kwa hasira. Kitu kikaachia ndani ya mdomo, tk, akakisikia hadi sikioni.

Hakuna kilichoanguka. Ila akilisukuma kwa ulimi, upande wa kulia ulipanda na kushuka kidogo, na mate yakawa na ladha ya sarafu ya zamani. Alijua maana yake. Akafanya nini? Akatia pamba masikioni. Akahamia kukata uzi kwa upande wa kushoto, akaongeza kusugua, na kila asubuhi mbele ya kioo akalikodolea macho daraja lake na kuliambia, "Husogei." Daraja lilikuwa linasogea.

Ufizi ulipovimba hakukuwa na ujanja tena. Mdogo wake akang'ang'ania kumsindikiza, na safari nzima akawa anamsimulia uzuri wa kikombe.

Daktari aligusa, akagonga, akalivuta daraja. Lilitoka bila ubishi, na hilo lilimuuma Mama Fundi kuliko sindano. Nguzo ya kushoto ilikuwa safi. Ya kulia ilikuwa imeliwa, nyeusi, imebaki kisiki.

"Mama, huu si uozo wa uchafu," daktari alisema. "Fizi zako ni nzuri sana. Saruji imepasuka upande huu, mate yakaingia chini ya kofia. Unakata nini kwa meno haya?"

Mama Fundi akajifuta mate kwa kitambaa cha kifuani.

"Uzi!" mdogo wake akaropoka kutoka kwenye kiti cha pembeni. "Kutwa nzima, daktari, kama panya!"

Daktari akavua barakoa. Akaeleza taratibu kwamba njia ni mbili. Kuling'oa jino na kuvaa meno ya kuvua, au kusafisha mzizi, kukijenga kisiki, na kutengeneza daraja jipya. "Ya pili siiahidi. Jino lililobaki ni dogo."

"Ng'oa tu," akasema mdogo mtu.

Mama Fundi akainuka kwenye kiti, kitambaa kifuani, shavu limevimba. "Nani mwenye kinywa hapa?" Kisha akamgeukia daktari. "Hilo jino likikataa, likatae lenyewe. Mimi silikatai. Chimba."

"Na uzi?"

"Nimeacha."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Daktari alichimba. Mama Fundi akarudi tena na tena kwenye kile kiti, na kila mara alipopanda alitazama taa kama anayegombana nayo. Kisiki kilishika. Siku daraja jipya lilipogandishwa, Mama Fundi alipita nyumbani kwa mdogo wake kwanza, akasimama mlangoni akatabasamu tu, akaondoka.

Kazini ndiko kulikokuwa na vita. Mshono ukiisha, kichwa kilijiinamia chenyewe kuelekea kwenye uzi, na Mama Fundi akabaki mdomo wazi hewani, akijitukana. Mdogo wake akaja kukaa kibarazani, kisingizio ni sketi ya kupunguza, kumbe anasubiri kuona. "Wiki haiishi, dada, utauma tena." Mama Fundi akamkata jicho, akakata uzi kwa mkasi, akakata na mwingine ambao haukuhitaji kukatwa.

Ndipo aliposikia tap ndogo nyuma yake. Binti yake, kwenye cherehani ya pili, alikuwa amemaliza pindo akauma uzi.

Mama Fundi alimfuata, akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa mlango. Pale kwenye ukingo wa jino la mbele palikuwa na mfereji mwembamba, kama umepigwa tupa. Ndipo uzi ulipopita kila siku, miaka yote. Yeye ndiye aliyemfundisha hivyo, tena akimsifu mbele ya wateja kwamba mwanawe ni fundi kamili, hata mkasi haugusi. Hasira ikampanda, na haikuwa na mtu mwingine wa kumwendea ila mwenyewe.

"Kuanzia leo, hakuna anayekata uzi kwa meno humu ndani."

"Mama! Si wewe uliyenifundisha?"

"Ni mimi. Na ni mimi ninayekukataza." Akamwekea mkasi mapajani. "Ukitaka kunicheka nicheke, bado unayo meno ya kuchekea."