Mrudisha Samaki wa Machame

Watu wa Machame ya zamani hawakula samaki. Kwao samaki alikuwa nyoka tu aliyekosa mahali pa kuishi nchi kavu, na mtoto aliyeonekana akichezea samaki mtoni alisuguliwa mikono kwa majivu kabla ya kuruhusiwa kugusa ndizi. Kwa hiyo wazungu walipoleta samaki wao wa madoadoa waitwao trauti, wakawamwaga katika mito ya baridi itokayo mlimani, hakuna aliyewaonea wivu. Jumamosi walikwenda mtoni na fimbo zao nyembamba, wakavua, wakamtazama samaki, wakamrudisha majini. Wazee waliwachungulia kutoka migombani wakasema, "Mmeona? Hata wao wamegundua haliki."

Ndelilio alikuwa na miaka kumi na tisa alipoanza kuwabebea wavuvi hao wavu na kikapu. Huo ulikuwa mwaka wa arobaini na moja. Mwanzoni naye aliwarudisha samaki kwa kinyaa tu, akiwashika kwa kipande cha jani la mgomba kama mtu aokotaye uchafu. Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, mtu mkali asiyejua kucheka, alimwona akamnyang'anya lile jani. Akamfundisha. Lowesha mikono kwanza, maana mkono mkavu humbandua samaki ute wake, na baada ya siku chache huota ukungu akafa. Usimbane tumbo. Unapomtoa majini, zuia pumzi yako. Ukisikia kifua kinakubana, ujue naye yuko taabani. Ukishaichomoa ndoano, mwelekeze kichwa kule maji yanakotoka, mshike bila nguvu, ungoje. Usimtupe kama jiwe. Akipata nguvu ataondoka mwenyewe.

Kinyaa kikageuka kazi, na kazi ikageuka maisha. Ndelilio alijifunza kuvisha ndoano manyoya ya shingo ya jogoo hadi ifanane na mdudu wa majini. Ule mwiba mdogo wa nyuma, unaozuia ndoano kuchomoka, aliubana kwa koleo ukalala, ili samaki asichanike mdomo. Kwenye mpini wa wavu alichonga alama. Samaki aliyefika alama aliweza kuchukuliwa, asiyefika alirudi. Jike mwenye mayai alirudi hata kama alikuwa mrefu kama mkono wa mtu.

Uhuru ulikuja, wavuvi wakapungua. Mashamba yalipotaifishwa mwaka wa sabini na tatu, yule mzungu alimwachia Ndelilio fimbo moja na koleo, akateremka Moshi, hakuonekana tena. Kibanda cha wavuvi kiling'olewa mbao, kikawa banda la kuku la mtu. Beji ya mlinzi wa mto, ambayo Ndelilio alipewa zamani, hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya. Akaendelea kuivaa.

Lakini mambo yalikuwa yamekwisha kugeuka tangu miaka ya Uhuru. Mwalimu Thadeus, mtu wa Ukerewe aliyehamishiwa shule ya kijiji, alikaanga trauti uani kwake, harufu ikavuka migomba. Watoto walionja, mama zao wakaonja, na haikupita miaka mitano watu wakawa wanamcheka mzee yeyote aliyetaja nyoka wa maji. Haikuwa dhambi. Njaa ni njaa, na samaki ni chakula. Ubaya ni kwamba watu waliacha mwiko wa baba zao bila kuchukua adabu ya wavuvi, wakabaki hawana hili wala lile. Waliponda majani ya utupa, mmea wenye sumu ya samaki, wakayamwaga mtoni, na samaki wakaelea na watoto wao, na watoto wa watoto wao. Kufikia mwaka wa sabini na nne, trauti wa kuhesabika walibaki katika kilindi kimoja tu, chini kidogo ya banio, pale maji ya mto yanapogawanywa kuingia kwenye mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba.

Julai ya mwaka huo, mwenyekiti wa kijiji, Filemon, alifika nyumbani kwa Ndelilio asubuhi. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na tano, mchapakazi, mwenye sauti ya mkutano hata akiwa na watu wawili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Jumamosi tunapokea wageni kutoka wilayani. Nataka samaki thelathini. Vijana wameshaponda utupa."

Ndelilio aliweka chini nyasi za ng'ombe. "Huu ni mwezi wa kutaga, mwenyekiti. Mle kilindini wapo akina mama. Ukimwaga utupa, mto umekwisha."

"Basi wageni wale nini? Hotuba?"

"Nipe siku mbili. Nitavua kwa fimbo, madume peke yake. Ila niahidi utupa hautaingia mtoni."

Filemon alifikiri. "Sawa. Utupa hautaingia. Neno langu."

Alhamisi Ndelilio alivua tangu umande haujakauka. Watu walijaa ukingoni kama wanaotazama mpira. Hadi saa tisa alikuwa ameweka kikapuni samaki kumi na mmoja na kurudisha tisa. Wa tisa alikuwa jike mkubwa, tumbo limejaa. Ndelilio alipiga magoti, akamshika akielekea maji yanakotoka, akangoja.

"Mzee," Filemon aliita, "wewe unavua au mnasalimiana?"

Watu waliangua kicheko.

"Muulize na habari za nyumbani!" mmoja akadakia.

"Huyu ni mama," alisema Ndelilio bila kugeuka. "Ukimla leo, mwakani utakula mawe."

"Kushika na kuachia ni mchezo wa mabepari. Mjamaa akishika, ameshika!"

Walicheka tena. Jike yule aliondoka taratibu, akapotea chini ya mwamba.

Ijumaa Ndelilio alirudi mtoni akakuta mlio wa maji umebadilika. Alijua kabla hajafika. Banio lilikuwa limezibwa kwa mawe na magome ya migomba, mto wote umegeuziwa kwenye mfongo, wala haikuwa siku ya zamu ya mfongo ule. Zamani mtu aliyegusa banio siku isiyo yake aliitwa mbele ya wazee wa mfongo akalipa mbuzi. Sasa wazee wale wale walikuwa wamesimama pembeni na vikapu. Kilindi kilikuwa kimebaki kama sufuria, na ndani yake migongo ya samaki ikichemka.

"Nilikuahidi hakuna utupa," alisema Filemon. "Umeona utupa?"

Ndelilio aliingia kwenye tope na nguo zake, katikati ya watu waliokuwa wakichota, akaanza kupapasa kwa mikono. Mkewe, Eliaichi, alikuwa amekuja kuteka maji na debe lake. Alimtazama mumewe, akalitazama tope, akalijaza debe kwenye mfongo, akalileta.

"Baba Elifuraha, hili hapa."

Walipata majike watatu na dume mmoja. Mtu mmoja alipiga kelele kwamba mzee anaiba mali ya kijiji, lakini mikono ya watu ilikuwa imejaa, hakuna aliyetaka kuacha kuchota ili amkamate. Walipanda. Walipita banio, wakapita migomba ya mwisho, wakaingia msituni, wakipokezana debe na kubadilisha maji kila walipokaribia mto. Jike mmoja alikufa njiani. Juu ya maporomoko, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kutia samaki, Ndelilio aliingia majini hadi kiunoni. Dume aliondoka upesi. Jike wa kwanza akafuata. Wa pili alilala ubavu mkononi mwake, mashavu hayachezi. Miguu ya Ndelilio ilikufa ganzi.

"Mwache," alisema Eliaichi. "Amekwisha."

"Bado."

Alingoja muda wa mtu kumaliza kukata mzigo wa nyasi. Kisha mkia ulisukuma kiganja chake mara moja, mara mbili, na kiganja kikawa kitupu.

Jumamosi wageni walikula, wakasifu, wakaondoka. Jumatatu Ndelilio aliitwa ofisi ya kijiji akavuliwa beji. Mto ukabaki maji tu, na vijana wakausahau. Mara moja kwa mwezi alisema anakwenda msituni kutafuta kuni, akarudi na kuni chache kuliko za mtu aliyeshinda huko. Mwaka wa tatu aliona vifaranga vya samaki, vingi, vyembamba kama sindano. Alimwambia Eliaichi peke yake.

Mwaka huo huo, jioni moja, Filemon alisimama uani ameshika jani la isale kwa mikono miwili. Kila Mchagga anajua maana yake. Mtu akikuletea isale kuomba msamaha humkatalii, hata kama amemwaga damu; ukikataa, laana inakurudia wewe.

"Shikamoo, mzee. Nilikukosea kule mtoni."

Miaka mitatu Ndelilio alikuwa akiyangoja maneno hayo. Alilipokea jani. "Marahaba. Nimekusamehe. Kaa."

Eliaichi alileta mbege, pombe ya ndizi. Walizungumza habari za mvua na kahawa. Kibuyu kilipofika nusu, Filemon alijifuta mdomo.

"Mzee, mwezi ujao tuna wageni tena, wakubwa kuliko wale. Nasikia siku ile ulipanda na debe. Wale samaki wapo huko juu?"

Ndipo Ndelilio alipofahamu jani lile lilikuwa limetumwa kufanya kazi gani. Isale ya baba zake, iliyozima vita vya koo na koo, imeletwa kutafuta kitoweo. Na msamaha haurudishwi. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka ishirini, na hakuna mtu Machame aliyeweza kusema amewahi kumshika kwenye uongo.

"Hawapo," alisema.

"Hata mmoja?"

"Walikufa wote ndani ya debe."

Filemon alimgeukia Eliaichi.

"Wote," alisema Eliaichi, akimwongezea mbege. "Mimi mwenyewe niliwamwaga."

Filemon alitikisa kichwa kwa masikitiko, akamaliza kibuyu, akaaga. Ndelilio alimsindikiza hadi njia panda kama adabu inavyotaka, akamtakia usiku mwema.