Nilimwaga unga wa kapsuli kwenye skrubu iliyo kichwani mwangu

Wakuu, niaje. Nimewasoma hapa muda mrefu bila kuchangia. Leo naandika yangu, na chumvi sitatia, maana hata bila chumvi inaniaibisha vya kutosha.

Kwanza mnijue. Nina diploma ya friji na viyoyozi, na niliikalia darasani. Nilifanya kazi Ghuba miaka tisa. Nilianza kwa kubeba vyuma, nikarudi nikiwa msimamizi. Sasa nina kampuni yangu, nakaa Kilimani, gari ni langu na logbook iko kwa droo. Hakuna mjomba aliyenitafutia kitu.

Kilichonishinda ni masikio tu. Tangu utotoni kule Kakamega yalikuwa yakitoa usaha, na vifaa vya kusikia vya kuchomeka ndani vilizidisha usaha. Huko Ghuba daktari akaniwekea skrubu kwenye mfupa, nyuma ya sikio la kulia. Kichwa cha skrubu kinatokeza nje ya ngozi, na kifaa cha kusikia kinabanwa hapo. Sauti inapitia kwenye mfupa.

Siku ya kwanza nilisikia shati langu likisuguana na mkono. Sikuwa najua nguo zina sauti.

Mwaka uliopita, nikiwa nimesharudi, ngozi kuzunguka skrubu ikaanza kuwasha. Mimi siwezi kuona nyuma ya kichwa changu. Aliyeona ni mke wangu, Nafula.

"Baba Ian, hapa pamekuwa pekundu na panatoa maji. Nenda wakuangalie."

"Ni skrubu," nikamwambia. "Skrubu ndiyo kazi yangu."

Nikafanya tulivyofanyiwa nyumbani tukijikata na jembe. Nilinunua zile kapsuli za antibayotiki za rangi mbili, nikazifungua, nikamwaga unga juu ya kidonda. Msijifanye hamjui, wengi wetu tumelelewa hivyo.

Baada ya siku tatu pakawa na gamba gumu kama saruji. Nikajipongeza. Kwangu mimi kilichokauka kilikuwa kimepona.

Kumbe chini panaoza. Kifaa hakibani vizuri, kinapiga filimbi, na nikikilazimisha kinauma kama mtu ananikazia bisibisi. Nikaanza kukivua. Saa moja, halafu nusu siku, mwishowe kikawa kinashinda mfukoni.

Hapo ndipo nilipokosa kutulia, wakuu. Kwa ofisi ya mteja nakaa mgongo ukutani ili nione midomo yote. Simu sipokei, natuma message kwamba niko mkutanoni. Watu wakicheka nacheka, sijui wanacheka nini. Nyumbani nazunguka sebule tu, Nafula akiniuliza swali naondoka kabla hajarudia.

Sikumwambia mtu. Mwenye kampuni atasemaje kwamba hasikii?

Halafu ikaja ile siku ya Hurlingham. Tulikuwa juu ya paa la jengo la ofisi, tunatengeneza mashine kubwa ya kiyoyozi. Musyoka, fundi wangu mkuu, mtu wa Machakos aliyepita miaka hamsini, alikuwa ameshika paipu. Mimi nilikuwa kwenye vali. Akasema kitu. Nikasikia "fungua". Nikafungua.

Alikuwa amesema "usifungue".

Ile gesi hutoka ikiwa baridi hadi inaunguza. Ilimpata kiganja cha kushoto. Hakupiga kelele. Alikaa chini, mkono ameukumbatia kifuani.

"Injinia, nilisema nini?"

"Fungua."

"Ulisikia, ama uliangalia mdomo ukabahatisha?"

Nikaifunga vali.

"Hicho kifaa chako kiko wapi?"

"Mfukoni."

"Sawa. Kesho na mimi nitaweka mkono mfukoni, tuone nani atafanya kazi."

Nikampeleka hospitali moja Parklands. Walipomaliza kumfunga bandeji alikataa kutoka mpaka na mimi nionwe.

Sista akalowesha gamba na maji ya chumvi, kidogo kidogo.

"Umepaka nini hapa?"

"Dawa ya kapsuli."

"Ulimeza ngapi?"

"Sikumeza."

Akamgeukia mwenzake. "Njoo uone. Mwingine wa unga."

Daktari akanieleza kwamba lile gamba lilifungia usaha ndani. Usaha ukifika kwenye mfupa, skrubu inalegea na kutoka, na huenda pasipatikane pa kufunga nyingine. Nilipewa mafuta ya kupaka na brashi laini ya kusafishia, na nikakatazwa kuvaa kifaa kwa wiki kadhaa.

Kisha nikapewa fomu ya kueleza maisha yangu na hicho kifaa. Unaepuka watu? Hapana. Unaona haya? Hapana. Kimewahi kukuletea shida kazini? Hapana. Naweka alama haraka haraka.

Musyoka alikuwa anachungulia.

"Injinia, hapo kwa shida kazini umeweka hapana. Sasa huu mkono niuweke wapi?"

Niliomba fomu nyingine. Hiyo nilijaza polepole.

Ngozi ilitulia, kifaa nikarudisha. Musyoka yuko kazini, ila ncha za vidole viwili hazihisi kitu. Siku hizi hakuna anayegusa vali kabla hajarudia kwa sauti alichoambiwa, na wa kwanza kurudia ni mimi.

Nilichojifunza ni hiki: skrubu ilikuwa ya fundi, lakini ngozi haikuwa yangu kuitengeneza. Na kuficha kwamba husikii ni kumwekea mwenzako hatari asiyoijua.

Bado sijatulia. Wiki hii pamewasha tena, na kuna nyama inaota pembeni. Nafula anapaangalia asubuhi na jioni, na kila akikawia namuuliza anaona nini. Kliniki ni Alhamisi.

Mwenye skrubu kama yangu, ambayo ilibidi itolewe, aniandikie hapa chini. Pole sihitaji. Aniambie tu kama alirudi kusikia ama hakurudi.