Chai Iliyokataa Kuwa Nyekundu

Mjukuu wangu Raya kaja juzi na pakti ya chai kutoka Maskati. Alipomimina maji ya moto juu ya vijani vyake vyenye manyoya meupe, mvuke ukanipiga puani, harufu ya majani mabichi yaliyoanikwa juani, nikashtuka hata nikamwaga sukari. Mniwie radhi, siku hizi harufu tu yatosha kunitoa mbio. Ile ilikuwa harufu ya jiko letu la Wawi, asubuhi ambayo baba yangu alikuwa aondoke.

Baba alikuwa mpishi wa meli. Akija nyumbani hukaa wiki mbili, akatutia raha, kisha akapotea mwaka mzima. Safari hiyo, mwanzoni mwa miaka ya sitini, alikuja na kopo la chai nyeupe na sifa zake tele: inatuliza tumbo lililochafuliwa na mawimbi, inapoza mwili, haimnyimi mtu usingizi. "Wakubwa wa meli hawanywi nyengine," alisema. Mama akaliweka kopo juu ya kabati, lingoje wageni wa maana, ambao hawakuja.

Asubuhi ya safari akalifungua. Kwetu mtu hatoki safari bila ya kunywa chai. Ni mkosi, na mama hakuwa na mzaha na mikosi. Akabandika sufuria mafigani, akatia majani, akaniambia, "Ikiwa nyekundu niite." Akaenda kufunga mkoba wa baba.

Nilikuwa na miaka minane na kukaa kitako sikujui. Nikafunua kifuniko, nikafunika, nikatoka uani, nikarudi, nikafunua tena. Chai ilikuwa na rangi ya maji ya dafu. Ndipo likanijia: isipokuwa nyekundu, baba haendi.

Basi kila ilipoanza kugeuka manjano, nilichota maji mtungini kwa kata nikaongeza. Barazani baba alisimama, akaitazama njia ya gari la kwenda bandarini Mkoani, akakaa, akasimama tena.

"Weye! Chai haijawa tu?" mama akaita.

"Bado, mama! Nyeupe!"

"Chai gani hii isiyo na uso wa chai!"

Baba akaja jikoni mwenyewe. Akafunua sufuria. Akaitazama chai, kisha akaitazama kata mkononi mwangu, inachuruzika maji. Nilijua nimekwisha. Akarudisha kifuniko taratibu.

"Bado kweli," akamwambia mama kwa sauti. "Iachie, ipate muda wake."

Gari likapiga honi mara mbili, likaenda zake. Mama alinuna, lakini si sana. Chai tukainywa adhuhuri kwa mkate wa kumimina, laini, tamu, hailemei ulimi, nami nikapewa kikombe kizima kama mtu mzima. Alasiri baba akanifungia pembea kwenye mkarafuu, akanisukuma mpaka adhana ya magharibi. Kesho yake mama akapika chai yetu ya siku zote. Ikawa nyekundu kabla sijamaliza kunawa uso. Baba akainywa, akaondoka. Alifia ng'ambo mwaka uleule, na kaburi lake sijaliona.

Miaka yote hii nimejivunia wizi wangu. Nilijiambia, haidhuru, siku moja niliipata kwa ujanja wangu mwenyewe, na baba wa watu alidhani ni maji kidogo tu yaliyozidi. Hadi juzi, Raya aliponishika mkono nikitaka kuibandika chai yake motoni.

"Haichemshwi hii, Bibi! Dakika tano tu, tayari. Na rangi yake ndiyo hiyohiyo, haiwi nyekundu hata uikeshee."

Nikakaa. Mtu aliyewaandalia wakubwa wa meli chai hiyo kila asubuhi alifunua sufuria ile, akasema bado. Nililia, siwafichi.

Raya akanisogezea kikombe. "Kunywa basi, Bibi. Ishakuwa."

"Bado," nikamwambia. "Iachie, ipate muda wake."