Mabawa Aliyoyapaka Gundi Bi Dora

Juzi, kwenye makumbusho, niliona ndege ya vita ya mbao iitwayo Mosquito, yaani mbu kwa Kiingereza. Ilirusha mabomu, ikapiga picha za ngome za adui. Nikamkumbuka Bi Dora, jirani yetu Mwingereza wa ghorofa ya chini, mtaani Kilburn, London.

Mama hakuwa amecheka tangu tuondoke Unguja baada ya mapinduzi. Alasiri moja Bi Dora alitukaribisha jikoni kwake, kukinukia keki ya tangawizi, akatueleza kazi yake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Nilimtafsiria Mama nilivyoelewa.

"Anasema alikuwa akipaka gundi mabawa ya mbu."

"Mbu? We mtoto!"

Mama alicheka mpaka akashika meza. Bi Dora hakuelewa kulikoni, lakini naye akacheka. Namshukuru mpaka leo, maana kesho yake Mama alishuka peke yake kunywa naye chai, bila mkalimani.