Kutengeneza Besi ya Mume Wangu

Mume wangu alipata kiharusi mwaka 2013, akiwa shambani. Tulikuwa tunaishi Kibondo. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mgeni kutoka Singida. Yeye alizaliwa Burundi, akakulia kambini, akapata uraia, akawa mkulima wa maharage na mpiga gitaa la besi wa kwaya yetu. Kiharusi kilimchukua upande wa kushoto. Mdomo ulipinda, mguu ukawa wa kuburuta, na mkono ukalala. Huo ndio mkono wa kubana nyuzi.

Gitaa lenyewe lilikuwa limechoka kabla yake. Alilinunua ujanani kwa mwanamuziki Mkongo, likiwa kuukuu tayari. Rangi ilikuwa imebanduka, shingo imepinda kwa unyevu, vile vyuma vyembamba vya shingoni vimelika, na sauti ilikuwa ikikatika katikati ya wimbo mpaka ulipige kofi. Sasa lilining'inia ukutani sebuleni likishika vumbi. Majirani waliokuja kutupa pole waliniambia, "Ihangane, mama," yaani vumilia, halafu wakalitazama.

Kule hospitali ya Kabanga alifundishwa kuminya soksi iliyoviringishwa, mazoezi ya mkono. Aliminya asubuhi na jioni, jasho likimtiririka, ingawa soksi haikubonyea. Siku moja akasema kwa ule ulimi wake mzito, "Mama, peleka gitaa kwa fundi."

"La nini kwa sasa?"

"Mkono ukirudi, nilikute tayari."

Mkono ule niliuosha mimi kila siku, na vidole vilikuwa vinazidi kujikunja na kukakamaa. Nikikataa, nitakuwa nimemwambia kwamba haurudi. Nikikubali, atakuja kulijua hilo mwenyewe, mbele yangu. Nilimuuliza mchungaji, akasema tuombe. Tukaomba, na bado aliendelea kuniuliza, "Utakwenda lini?"

Mwishowe nikalifunga kwa kanga mbili, nikapanda basi hadi Kasulu, kwa fundi wa vinanda na spika za makanisa. Alilipapasa, akalipima kwa jicho kama mtu apimavyo ubao.

"Shingo itanyooka," alisema. "Nyaya nitabadilisha. Ila anayepiga ni nani? Nataka kujua nyuzi nizipandishe kiasi gani."

"Ni mume wangu. Zishushe kabisa, zibanike bila nguvu. Mkono wake ni mgonjwa."

"Nikizishusha sana zitakwaruza, mama."

"Acha zikwaruze."

Alinitazama kidogo, akachukua bisibisi.

Niliporudi nalo nyumbani mume wangu alikuwa amevaa shati la kanisani. Alikuwa ameomba spika ya kwaya iletwe. Nikamkalisha, nikamvisha mkanda begani, nikavichukua vidole vya kushoto kimoja kimoja nikavipanga juu ya uzi. Nilipoachia, viliteleza. Nikavipanga tena. "Buhoro," alininong'oneza, taratibu. Vikateleza.

Akapiga uzi mtupu, usiobanwa, kwa mkono wa kulia. Sauti ilitoka nzito na safi, madirisha yakatetemeka. Akaupiga tena, na tena, sauti ile ile moja, huku akiuangalia mkono wa kushoto uliolala pajani. Kisha akasema, "Nivue."

Jumapili iliyofuata aliwaambia wanakwaya walichukue gitaa. Walifurahi mno, wakambariki, wakaondoka nalo wakiimba. Soksi hakuiminya tena. Niliiweka kiganjani mwake, akaiacha ianguke. Nilimbembeleza, nikamgombeza, siku moja nikalia mbele yake. Haikusaidia. Mpaka mwaka 2015, watu walipoanza tena kuvuka mpaka kule Mabamba wakikimbia Burundi, mkono ulikuwa umekonda na kukauka, na mguu nao ulikuwa umegoma. Alikuwa mtu wa kitandani.

Jioni moja nilipokuwa namlisha uji, nilimuuliza lile lililokuwa linanikaba. "Ningekataa kulipeleka kwa fundi, ungeendelea na mazoezi?"

Alimeza polepole. "Ungekataa, ningekuchukia."

"Na sasa?"

"Sasa nimechoka tu, mama."

Nilimfuta mdomo upande ule uliopinda, nikachota kijiko kingine. Akakaza meno, akageukia ukutani.

Alifariki kabla ya mvua za mwaka ule kuisha.