Sambusa za Arobaini

Wifi yangu alikuja na masharti ya eda hata udongo wa kaburi la mume wangu haujakauka. Alikaa kwenye kiti cha marehemu, kiti ambacho marehemu mwenyewe hakuwahi kumkaribisha akikalie, akanisomea. Nisitoke nje. Nisijitie manukato wala wanja. Mwanamume akibisha nisifungue, hata akiwa mtu wa posta. Hivyo hivyo kwa miezi minne na zaidi. Na kazi yangu ya kutunza wazee, ambayo usipokwenda hulipwi, niisahau.

"Na watoto watakula nini, wifi?" nikamuuliza.

"Mungu yupo," akasema, akatazama saa yake.

Kisha akatoa lile hasa lililomleta. Nyumba tuliyokaa Barking, hapa London, ilikuwa kwa jina lake, kwa sababu yeye ndiye aliyeikodi kabla hajahamia Walthamstow, na mume wangu hakupenda kubishana na dada yake. "Siku nitakayosikia umeonekana njiani," akasema, "nyumba nairudisha kwa mwenyewe, na wasichana hawa nawapeleka kwa bibi yao Mombasa. Mimi siaibishwi na mke wa ndugu yangu."

Nilimpigia shehe simu. Akaniambia mjane asiye na wa kumlisha hutoka mchana kwa haja yake, akafanya kazi, akarudi kulala kwake. Nilipomfikishia wifi maneno hayo, alisema shehe wa kwenye simu haujui ukoo wao.

Huo ukoo wao niueleze kidogo. Hapa London ni yeye, mumewe anayepakia mizigo kwenye ghala huko Hayes na ambaye sijapata kuisikia sauti yake mkewe akiwepo, na kundi la wanawake waliokuja kila Jumapili kunifariji. Walikaa, wakashusha pumzi, wakauliza kama marehemu aliacha chochote, wakachovya biskuti za wanangu kwenye chai yangu, wakaenda zao. Hakuna aliyekuja hata na pakiti ya unga. Wifi mwenyewe hakugusa kitu kwangu. Mimi ni mtu wa Malindi na yeye ni wa Mji wa Kale, Mombasa, na kwa akili yake mkono uliozaliwa nje ya Mji wa Kale haujui kukunja sambusa. Miaka yote ya ndoa yangu alikunywa maji tu, tena ya chupa aliyokuja nayo.

Siku hizo binti yangu mkubwa alikuja na kazi ya shule juu ya wajane wa London ya kale, zama za wale wafalme wenye kola za mikunjo shingoni. Alinisomea mezani nikikata vitunguu. Mjane mmoja alisokota sufu na kuoka pai za nyama, akiziuza dirishani ili wanawe wale, na wakubwa wa kanisa la mtaa wakawa wanakuja kumkagua. Je, anasali? Analewa? Ana mwanamume? Wakiridhika, wanampa mkate. Nilicheka mpaka nikaweka kisu chini. Karne zote hizo zimepita na wakaguzi bado wanapanda ngazi, ila wale angalau walikuja na mkate.

"Huyo mama alitoka nje?" nikamuuliza.

Akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao, kwamba kitabu hakisemi. Kinasema dirisha tu. Nililala na lile dirisha kichwani.

Jirani yangu wa ghorofa ya juu ni mama wa Bukavu anayefanya kazi za usafi. Kesho yake nilimtuma nyama ya kusaga, dhania na unga. Nikasukuma manda za kufungia nyama kama nilivyofunzwa kwetu, duara juu ya duara na mafuta na unga katikati, nikazichoma kwenye chuma cha chapati, nikazibandua moja moja zingali za moto, vidole vikiungua. Nilikunja sambusa, nikazigandisha mbichi kwenye mifuko isiyo na jina, naye akazipeleka kwenye duka karibu na stesheni.

"Dada, batu banapenda sana," akaja kuniambia. "Banauliza ni nani anapika."

"Waambie ni mama mmoja."

Wanangu wakala, na mdogo akapata viatu. Mguu wangu haukuvuka kizingiti. Wifi alipokuja kukagua alifungua kabati, akatafuta wanja, akaninusa shingo. Friza hakuifungua hata siku moja, kwa kuwa hakuna aliyekuja kwangu kujua kama tuna chakula.

Ilipokaribia arobaini ya marehemu, wifi alikodi ukumbi Walthamstow kwa hitma ya kumwombea ndugu yake. Mimi mjane sikutakiwa kuonekana. Siku mbili tatu kabla, jirani akashuka na oda kubwa kutoka dukani, sambusa za hitma, akanitajia ukumbi. Nilikaa kitako jikoni. La kwanza lililonijia ni kuzimwagia chumvi zisilike, nao wanawake wa biskuti wazitafune hivyo hivyo. Halafu nikamkumbuka marehemu, mwenye dua. Nikazipika kama alivyozipenda yeye, ndimu nyingi na pilipili mbichi, na nililia nikizikunja. Kilikuwa chakula cha mwisho kumpikia.

Baada ya hitma wifi akaja na wanawake wawili na mfuko wa makombo.

"Kula, upate kujua sambusa ni nini," akasema. "Mpishi huyu ni mtu wa Mji wa Kale, hilo nakuapia. Nimekula mpaka nimeona haya." Akachukua nyingine, akaing'ata.

Binti yangu mdogo alitia mkono mfukoni, akanusa. "Mummy, these are ours," akasema.

Wifi aliacha kutafuna. Nilikwenda kuifungua friza, ikajionyesha yenyewe, imejaa mpaka juu.

"Sikutoka nje, wifi," nikamwambia. "Ulivyotaka."

Wale wawili walimtazama yeye, si mimi. Akisema nimevunja eda kwa biashara, itabidi aseme amewalisha sambusa za nani shehe wa hitma na watu wote waliomwombea ndugu yake. Nilimwona akilipima hilo, sambusa ingali shavuni, na sikumpa hata maji. Mwisho akameza. Habari ya nyumba na ya Mombasa sikuisikia tena.

Eda ilipokwisha nilirudi kazini. Karibu na Idi akanipigia simu, sauti imelainika. "Wifi, utanikunjia za Idi?"

Nilimwambia zinauzwa dukani, apange foleni na wenzake. Kisha nikavaa koti, nikafungua mlango, nikatoka.