Niliuita Mfumo Wangu, Kijiji Kikakosa Maji

Nimekosa, na naomba asitokee mtu wa kunitetea. Akitokea nitamkubalia, najijua.

Mimi ni mtu mzima mwenye shahada mbili na kitambi kimoja. Hapa Dodoma naongoza kitengo cha kompyuta katika shirika linalohudumia visima vya vijijini. Pampu ikiharibika, kamati ya maji inatuma ujumbe kwa simu, mfumo unaupokea, fundi anapanda pikipiki. Basi.

Mfumo wenyewe hatukuutengeneza sisi. Ni programu huria: imeandikwa na watu wa nchi mbalimbali wanaojitolea, na yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuirekebisha, kisha kurudisha marekebisho yake ili wengine nao wafaidi.

Kwetu ilikuwa na kasoro. Ilitaka kila ujumbe uanze na namba ya kisima. Nani kijijini anaandika hivyo? Watu wanaandika, "Jamani bomba letu limekufa tangu juzi." Mwenzangu Sechelela, niliyesoma naye chuo, akakaa akairekebisha mpaka ikaelewa watu wanavyoongea.

Kisha akaja ofisini kwangu. "Bosi wa mchongo," akaanza, ndivyo alivyonitania siku zote, "nipe kibali niyarudishe haya kwa wenye programu. Wakiyapokea, yatakuja ndani ya kila toleo jipya. Tukikaa nayo wenyewe, siku tukibadilisha toleo yanafutika."

"Yaani jasho letu tuwape bure?"

"Kwani wewe ya kwao uliinunua?"

Nikamwambia nitalifikiria. Uongo! Nilikuwa nimeshaamua.

Sababu ya kweli naisema leo. Nilikuwa nimeibadilisha jina ile programu, nikabandika nembo yetu, nikasimama kwenye warsha na shati langu la kitenge nikatangaza, "Mfumo huu tumeubuni wenyewe chini ya usimamizi wangu." Makofi! Marekebisho yale yangetoka hadharani, watu wangeona programu ni ya nani na nani aliyeirekebisha. Jina langu lisingekuwepo popote.

Sechelela alinikumbusha mpaka akachoka. Akapata kazi kwingine, akaondoka bila hata utani wa kuagana.

Baadaye wenye programu wakatangaza kwamba ina tundu ambalo wezi wa mitandaoni wanaweza kupitia, hivyo kila anayeitumia aweke toleo jipya. Nililikumbuka onyo la Sechelela. Nikaona aibu kumpigia. Nikajiambia, mimi si ndiye mbunifu? Toleo jipya nikaliweka mwenyewe.

Kiangazi kile skrini ilikuwa safi. Malalamiko yalipungua ajabu! Nikaisifu timu kikaoni, nikawanunulia soda.

Kumbe kila ujumbe usio na namba ulikuwa unatupwa kimyakimya.

Katika kijiji kimoja upande wa Kongwa, pampu ilikufa. Katibu wa kamati yao, Mama Eliya, akatuandikia, akarudia, akarudia tena. Jibu halikuja. Wanawake wakarudi korongoni kuchimba mchanga kutafuta maji. Shimo likamporomokea Mama Eliya akiwa ndani. Walimtoa hai, lakini nyonga ilivunjika, na mimba aliyokuwa nayo ikatoka.

Habari zililetwa na mchungaji wao, aliyefika ofisini kuuliza, kwa upole kabisa, kijiji kimetukosea nini.

Nikaenda kumwona Mama Eliya. Alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, akaniwahi yeye: "Shikamoo baba." Nikaitikia, nikakaa chini kando ya mkeka.

"Tuliwaandikia," akasema. "Tukadhani mmetuchoka."

Nikaanza kumweleza habari za toleo jipya. Jamani, nilikuwa namfundisha kompyuta mama aliyepoteza mtoto! Mama mkwe wake akanikatiza. "Baba, hicho chombo chenu ni cha nani hasa?"

"Cha watu wote, mama." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka.

Nikampigia Sechelela nikiwa bado barabarani. Alisikiliza yote. "Ungenipigia tu," akasema. "Mimi ningekucheka kidogo, halafu ningekuja." Akakata. Hajapokea simu yangu tena.

Marekebisho yake nimeyarudisha kwa wenye programu, kwa jina lake, na wameyapokea. Mama Eliya anatembelea fimbo.

Nyie mnaoongoza vitengo kama changu, nisikieni. Kitu mlichopewa bure kitunzeni, na wanaokitunza waheshimuni. Mtu wenu akiomba kurudisha alichorekebisha, msikalie kibali chake kwa kulinda sifa zenu. Mimi nilikikalia, na aliyeumia hakuwa mimi.

Kwa sasa mfumo unapokea kila ujumbe, uwe na namba au usiwe nayo. Niliwatumia watu wa kile kijiji salamu kwamba tunasikia. Majuzi fundi wetu alipita huko kwa shughuli nyingine, akakuta pampu imekufa tena na wanawake wako korongoni, wanachimba.

Hawakutuandikia.